Chupa ya Msafiri na Istilahi za Forodha: Uhakiki

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache za Kiswahili zinazotumika pale msafiri anapoingia nchini na kileo alichokinunua ng'ambo kwa ajili ya kunywa mwenyewe. Huenda baadhi ya wasomaji wakaiona mada hii kuwa ndogo, kwani wengi wetu hatunywi, na miongoni mwa wanywao wengi hawasafiri. Hata hivyo chupa moja ndani ya mkoba inagusa istilahi za aina tatu kwa wakati mmoja: zile za biashara ya nje, zile za kodi na zile za vinywaji. Ni mifano michache sana inayotupa nafasi kama hii ya kuona jinsi istilahi zinavyofanya kazi zikiwa pamoja, na jinsi zinavyogongana.

Suala lenyewe lina uzito wa kisheria. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 1), ambayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo neno la Kiswahili katika kifungu cha kodi si tafsiri ya kumsaidia tu asiyejua Kiingereza. Ni neno ambalo mtu aweza kudaiwa fedha kwalo, au kuitwa mfanya magendo. Maoni ya mwandishi ni kwamba istilahi tulizo nazo zinatosha kwa mfanyabiashara mwenye wakala wa forodha, lakini hazimtoshi abiria aliyesimama peke yake mbele ya ofisa, kwa sababu nyingi ziliundwa kwa kumfikiria mwenye duka.

Kuagiza na Kuingiza

Tuanze na kitendo chenyewe. Katika maandishi ya kiuchumi neno lililozoeleka ni "kuagiza bidhaa kutoka nje", na mtendaji huitwa "mwagizaji". Neno hili lina historia yake. Mwenye duka wa pwani aliandika barua Bombay au Hamburg, akaagiza shehena, akaingoja melini. Kuagiza ni kutuma neno ili kitu kiletwe.

Abiria aliyetua Dar es Salaam na chupa ya wiski katika begi hakuagiza chochote. Amenunua, amebeba, amefika. Akiulizwa, "Umeagiza vileo kutoka nje?" atajibu kwa moyo safi kwamba hakuagiza. Jibu lake ni kweli kwa lugha na ni uongo kwa sheria, maana sheria ya forodha haijali kama kitu kiliagizwa, kilizawadiwa au kiliokotwa. Inajali kwamba kimevuka mpaka na kuingia. Neno linalobeba dhana hiyo ni "kuingiza". Hatuna haja ya kuliunda, kwani limo vinywani mwa watu. Yafaa "kuagiza" libaki katika biashara, na "kuingiza" liwe ndilo neno la sheria, kwa mfanyabiashara na kwa abiria.

Ushuru, Kodi na Tozo

Msomaji anajua kwamba "ushuru" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Lakini hata katika karne ya 19 jina halikulingana na hesabu. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka kiwango cha asilimia 5 kwa shehena iliyoteremshwa, yaani nusu tu ya sehemu ya kumi, na bado watu waliita ushuru. Jina la Forodhani, Unguja, latukumbusha mahali ulipolipwa. "Ushuru" basi ulikuwa malipo ya kitu kinachopita mahali: bandarini, sokoni, njiani.

"Kodi" ilishika njia nyingine. Ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na wakati wa utawala wa Wajerumani ikawa pia malipo ya mtu kwa serikali, kwanza kwa nyumba yake, baadaye kwa kichwa chake. Hivyo mgawanyo wa asili ulikuwa mwema: ushuru ulidaiwa kwa kitu kinachopita, kodi ilidaiwa kwa mtu anayekaa.

Leo mgawanyo huo umepoa. Tanzania twasema "ushuru wa forodha" na "ushuru wa bidhaa", lakini pia "Kodi ya Ongezeko la Thamani", ambayo nayo hudaiwa kwa kitu. Kenya neno "ushuru" limepanuka likafunika karibu kila dai la serikali. Hata mtu anayekatwa sehemu ya mshahara huitwa mlipa ushuru, ambaye Tanzania ni mlipakodi. Tangu mwaka 2021, kulipowekwa malipo juu ya miamala ya simu nchini Tanzania, "tozo" nayo imekuwa neno la kila siku, na wananchi wengi hulitumia kwa malipo yoyote wasiyoyapenda.

Ubaya wa hali hii huonekana katika hesabu. Tuchukue mfano wa chupa moja ya lita moja iliyozidi kiasi kinachosamehewa. Tuseme thamani yake, pamoja na nauli na bima, ni shilingi 40,000. Ushuru wa forodha uwe asilimia 25. Na ushuru wa bidhaa, ambao kwa vileo Tanzania hutozwa kwa lita, tuufanye shilingi 5,000 kwa ajili ya wepesi wa hesabu tu. Ushuru wa forodha ni shilingi 10,000. Tukiongeza ule wa bidhaa tunafikia shilingi 55,000. Hapo ndipo Kodi ya Ongezeko la Thamani inapokuja, kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, na inapigwa juu ya jumla hiyo yote, si juu ya bei ya chupa peke yake. Inakuwa shilingi 9,900. Malipo yote ni shilingi 24,900, na tozo nyingine ndogo tumeziacha kando.

Abiria aliyeambiwa kwamba "ushuru ni asilimia 25" alitarajia kulipa shilingi 10,000. Aliyemwambia hakumdanganya, kwa kuwa alimtajia ushuru mmoja. Lakini sikio la msikilizaji, hasa akiwa amelelewa Nairobi au Mombasa, lilisikia jumla ya madai yote. Tofauti ya shilingi 14,900 imetokana na neno moja kukosa kijalizo chake. Kwa hiyo katika matangazo na fomu "ushuru" lisisimame peke yake kamwe. Liandikwe "ushuru wa forodha" kila mara, hata kama sentensi inakuwa ndefu. Na pale jumla ya madai yote inapokusudiwa, iandikwe "kodi na ushuru".

Bidhaa ni za Nani?

Sasa tuitazame istilahi ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye dosari kubwa kuliko zote: "ushuru wa bidhaa". Dhana inayokusudiwa ni ushuru maalumu unaowekwa juu ya vitu fulani vilivyochaguliwa, kama vile vileo, sigara na mafuta, viwe vimetengenezwa nchini au vimetoka nje. Je, jina linasema hivyo? Halisemi. Ushuru wa forodha nao ni wa bidhaa. Jina limechukua sifa iliyo ya wote likampa mmoja.

Kuna kosa la pili, lililo zito zaidi. Katika Kiswahili "bidhaa" ni kitu cha kuuzwa. Mahindi ya shambani kwangu ni chakula. Yakifika sokoni ni bidhaa. Chupa iliyoletwa kwa ajili ya kunywa nyumbani si bidhaa kwa mwenye nayo. Akisoma kwamba bidhaa hutozwa ushuru wa bidhaa, ana haki ya lugha kuamini kwamba hahusiki. Tumeunda istilahi ambayo kwa maana yake ya kawaida inamtoa nje mtu yule yule ambaye sheria inamtaka ndani. Jambo hilo laonekana pia katika stempu zinazobandikwa kwenye chupa ili kufuatilia ushuru huo: zenyewe huitwa "stempu za kodi". Chombo kimoja kina majina mawili ya ukoo.

Neno la kisheria lisiloelemea upande wa biashara ni "vitu" au "mali". Na kwa kuwa ushuru huu ni wa vitu vilivyoteuliwa, "ushuru wa vitu teule" lingesema ukweli wa dhana. Mwandishi anajua kwamba "ushuru wa bidhaa" limeota mizizi katika bajeti na katika magazeti. Lakini kuzoeleka kwa neno ni sababu ya kulibadilisha kwa hadhari, si sababu ya kutolichunguza.

Sambamba na hilo ni "matumizi binafsi". Kwa miaka mingi "binafsi" limetumika kinyume cha "ya serikali": sekta binafsi, shule binafsi, kampuni binafsi. Katika matumizi hayo mfanyabiashara ndiye binafsi hasa. Mwenye baa aliyeleta katoni kumi aweza kusema, bila kupotosha neno, kwamba ni kwa matumizi binafsi, kwani hakuleta kwa niaba ya serikali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza, inazungumzia vitu vya matumizi ya abiria mwenyewe au ya nyumbani kwake, na inavikatalia msamaha vile vya kuuza au vya kukabidhiwa watu wengine. Mfasiri akiandika "matumizi yake mwenyewe au ya nyumbani kwake" atakuwa amesema yote kwa maneno ya kawaida. Na hapo ndipo swali la zawadi litakapoonekana wazi: chupa inayopelekwa kwa baba mkwe ni ya nani? "Binafsi" lililifunika swali hilo. Maneno ya wazi yanamlazimu mtunga kanuni alijibu.

Majina ya Vileo

Sheria hiyo inatofautisha pombe zilizokenekwa na zile zilizochachushwa tu, kwa kuwa kiwango cha msamaha hakilingani. Tofauti hii si ngeni katika historia ya Afrika. Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890, uliokusudiwa hasa kupambana na biashara ya watumwa, uliweka pia masharti na ushuru juu ya vileo vikali vilivyoingizwa katika sehemu kubwa ya bara hili. Lakini lugha yetu haikuvipanga vileo kwa njia hiyo. Sisi huvipa majina kwa asili yake na kwa namna vinavyopatikana: tembo hugemwa mnazini, ulanzi hugemwa mwanzini, mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi, gongo hupikwa kwa kificho. "Kupika" linatumika kwa pombe ya kuchachusha na kwa gongo pia, hivyo kitenzi hakimsaidii mtunga sheria.

Neno linalosumbua zaidi ni "mvinyo". Lilitoka kwa Wareno, ambao kwao ni kinywaji cha zabibu. Likiwa pwani lilipanuka, likawa jina la kileo chochote kikali kitokacho Ulaya, na wazee wengi bado hulielewa hivyo. Wakati huo huo "divai", lililotoka katika Kifaransa, lilishika makanisani. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, inatumia yote mawili: divai katika habari ya viriba, na mvinyo katika onyo la Paulo kwa Waefeso. Mitaani leo watu husema "waini". Basi tuna maneno matatu kwa kitu kimoja, na moja kati ya hayo matatu ni jina la kitu kingine pia.

Hili lingekuwa jambo la kufurahisha tu kama kiasi kingekuwa kimoja. Lakini mvinyo wa zabibu una lita mbili na pombe kali ina lita moja. Mzee anayeelewa mvinyo kuwa kileo kikali cha Kizungu atasoma "mvinyo usiozidi lita mbili", atabeba chupa mbili za brandi za lita moja moja, naye atakuwa ameitii Kiswahili na kuivunja sheria.

"Pombe kali" nalo lina udhaifu wake. Ukali ni wa ulimi. Ipo likeri tamu ya kahawa au ya krimu ambayo haimkeri mnywaji hata kidogo, na bado imo katika kundi hili kwa sababu msingi wake umekenekwa. Hata hivyo neno linajulikana na kila mtu, nasi hatuna sababu ya kulitupa. Linahitaji tu ufafanuzi mwanzoni mwa kanuni: kwamba pombe kali ni kileo kilichokenekwa au chenye kileo kilichokenekwa ndani yake, kiwe kichungu au kitamu.

Kuhusu jina la jumla, "kileo" linafaa kuliko "ulevi", linalosikika sana Zanzibar kwa maana ya kinywaji chenyewe. Ulevi ni hali na ni tabia. Kuliandika katika fomu ni kumhukumu abiria kabla hajafungua mkoba. Kazi ya istilahi ya kodi ni kupima lita. Mawaidha yana mahali pake na wenyewe wa kuyatoa.

Kifungu Kimoja, Maana Tatu

Tukitazame sasa kifungu chenyewe, katika Jedwali la Tano la sheria iliyotajwa. Mpangilio wake una hatua tatu. Kwanza, mizigo ya abiria atokaye nje ya Nchi Wanachama husamehewa ikiwa ni mali yake na amefuatana nayo. Pili, vileo vya kila aina hutolewa katika msamaha huo. Tatu, kiasi kidogo hurudishwa kwa abiria aliyetimiza umri wa miaka 18, mradi amekitamka kwa ofisa. Mfasiri anayezikusanya hatua zote tatu katika sentensi moja yenye "isipokuwa" mbili atampoteza msomaji. Kiswahili hakikatazi sentensi tatu fupi.

Hatua ya tatu ina kasoro ambayo haikuletwa na mfasiri. Maneno ya Kiingereza yanataja mvinyo mara mbili: mara ya kwanza pamoja na pombe kali kwa lita moja, mara ya pili peke yake kwa lita mbili. Matokeo ya kivitendo yanaeleweka, kwamba abiria achague moja: pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Ni dhahiri kuwa tafsiri ya neno kwa neno italeta mkanganyiko ambao Kiswahili hakikuuomba. Mfasiri wa sheria hana ruhusa ya kubadili sheria, lakini ana wajibu wa kumrudishia mtunga sheria swali kabla ya kulifunika kwa Kiswahili kizuri.

Neno dogo "au" nalo laomba uangalifu. Katika mazungumzo "chai au kahawa" huweza kuwa mwaliko wa vyote viwili. Katika kanuni iandikwe "kimojawapo tu kati ya hivi". Tena kuna "isiyozidi". Tukiandika kwamba pombe kali isiyozidi lita moja husamehewa, mwenye chupa mbili za mililita 750, yaani lita moja na nusu, atauliza: nalipia nusu lita iliyozidi, au nimepoteza msamaha wote kwa kuwa pombe yangu imezidi? Sarufi ya kirejeshi yaelekea kwenye jibu la pili, lililo kali zaidi kwake. Kama kinachokusudiwa ni la kwanza, basi iandikwe "lita moja ya kwanza". Maneno mawili tu yatamaliza ubishi.

"Bila Ushuru" na "Kutamka"

Katika viwanja vya ndege yapo maduka ambayo Kiswahili huyaita "maduka yasiyotozwa ushuru". Kwa sarufi, asiyetozwa ni duka. Abiria naye hulielewa hivi: kitu nilichonunua humu hakina ushuru, popote niendapo. Lakini chupa iliyonunuliwa Dubai au Addis Ababa imesamehewa ushuru wa huko tu. Ikifika kwetu inahesabiwa katika lita ile moja kama chupa nyingine yoyote. Stakabadhi ya duka hilo si hati ya msamaha. "Bila ushuru" linaahidi zaidi ya uwezo wake. Lingefaa jina linalofunga msamaha na mahali, kama "duka la msamaha wa ushuru wa huko", au tangazo la sentensi moja kwa wanaowasili: msamaha wa duka la ng'ambo hauvuki mpaka.

Kiasi kinachosamehewa chenyewe kiitwe "kiwango cha msamaha". Mfasiri aliyezoea barua za utumishi asije akaandika "posho", kwani hakuna anayelipwa hapa.

Mwisho ni kitendo cha abiria kumwambia ofisa alicho nacho. "Kutangaza" ni kuwaambia wengi. "Kukiri" ni kwa mwenye kosa. Abiria mwenye lita moja halali hana cha kukiri, na akiona neno hilo huenda akanyamaza kwa kuogopa, na kwa kunyamaza akaipoteza haki yake, maana msamaha hutolewa kwa kilichosemwa. "Kutamka" ni neno safi, na "tamko la abiria" ni jina zuri la fomu.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, mwandishi anapendekeza kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaoandaa matangazo yafuatayo:

(a) "Kuingiza" litumike katika sheria na fomu, na "kuagiza" libaki kwa biashara.
(b) "Ushuru" lisiandikwe bila kijalizo chake. Jumla ya madai iwe "kodi na ushuru".
(c) "Ushuru wa bidhaa" ujadiliwe upya. Kwa sasa kila tangazo kwa abiria lieleze kwamba unahusu pia kitu kisichouzwa.
(d) "Matumizi yake mwenyewe au ya nyumbani kwake" lichukue nafasi ya "matumizi binafsi".
(e) "Kileo" liwe jina la jumla. "Divai" liwe la kinywaji cha zabibu. "Pombe kali" liwe la kilichokenekwa, kwa ufafanuzi. "Mvinyo" liachiwe fasihi na mazungumzo.
(f) "Tamko la abiria" na "kiwango cha msamaha" yasanifiwe.

Katika mapendekezo hayo, lililo gumu kupokelewa ni la "divai", kwa kuwa "mvinyo" limekwisha kuingia katika nyaraka nyingi, na viwanda vya zabibu vya Dodoma vina mazoea yao. Wanaoona vinginevyo wanaombwa walete hoja zao kwenye kurasa hizi. Ila hoja hizo zimkumbuke abiria. Yeye hana kamusi mkononi wala wakala pembeni. Ana mkoba, ana tangazo ukutani, na foleni ya watu nyuma yake.